Mwezi mmoja Istanbul kama mpangaji, si mtalii: karibuni Kadıköy

Mpangaji wa Muda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu niliuahidi siku nyingi, leo nimepata nafasi. Siji kutamba. Picha za Hagia Sophia zimejaa kila mahali, hamna haja na zangu. Nilikaa Istanbul siku 30, katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba 2024, na kule kwenye misikiti mikubwa na makasri nilikwenda mara moja tu, tena siku ya mvua. Siku zilizobaki nilikuwa mtu wa kununua mkate, kutupa taka na kubishana na mashine ya kufulia iliyoandikwa Kituruki mwanzo mwisho.

Wengi wetu Istanbul tunaijua kwa njia mbili: kuunganisha ndege, au kufuata mzigo Laleli na Merter, mitaa ya nguo za jumla. Mimi ni wa kundi la kwanza, nimeshalala kwenye viti vya uwanja ule mara tatu. Kazi yangu ni ya kompyuta, natunza hesabu za kampuni mbili ndogo, nikajiuliza kwa nini siku moja nisitoke nje ya uwanja nikakaa.

Kuna jambo moja lilinirahisishia sana. Saa ya Uturuki ni hii hii yetu. Tangu 2016 waliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, kwa hiyo mwaka mzima wako sawa na Afrika Mashariki. Bosi akipiga saa tatu asubuhi, na kwako ni saa tatu asubuhi. Tatizo ni kwamba jua halikupewa taarifa. Novemba linachomoza karibu saa mbili kasorobo, watoto wanakwenda shule gizani na mabegi mgongoni. Siku za mwanzo nilikuwa naamka saa kumi na mbili, nachungulia dirishani, giza totoro, narudi kulala nikidhani simu imekosea.

Nyumba. Sikutaka Sultanahmet, huko kila mlango ni hoteli. Nilichukua chumba na jiko Yeldeğirmeni, mtaa wa Kadıköy, upande wa Asia, dakika kama kumi kwa miguu kutoka gati la feri. Dola 750 kwa mwezi, umeme na gesi ndani yake.

Lakini kabla ya hapo nusura niingie mkenge. Tangu Januari 2024 kuna sheria: anayepangisha nyumba kwa siku 100 au pungufu lazima awe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, wenye nyumba wote wa jengo wawe wamekubali, na kibao kibandikwe mlangoni. Mwenye nyumba wa kwanza niliyeongea naye hakuwa na kibali. Akaniambia, "Jirani akikuuliza, sema wewe ni binamu yangu." Wakuu, mimi na rangi yangu hii, binamu wa Mturuki! Nikamshukuru, nikatafuta kwingine. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, omba picha ya kibao.

Sasa kisa cha siku ya kwanza. Nashuka ngazi, nakutana na mzee wa ghorofa ya chini, kama miaka 70 hivi, kofia ya sufu, mkononi mfuko wa chakula cha paka. Mdomo wangu ukawa umeshajiandaa na shikamoo kwa mazoea. Kabla sijafungua, mzee akasema, "Merhaba."

Nikasimama pale pale kwenye ngazi. Huyu kaitikia kabla sijamwamkia!

Merhaba kwao ni salamu ya kila mtu kwa kila mtu, ila sikio langu lilikataa kabisa kujifunza hilo. Mwezi mzima kijana wa miaka ishirini akiniambia merhaba najisikia amejipa ukubwa.

Nitaendelea, naona simu inazima.

Mama Kargo

Umenichekesha asubuhi hii. Mimi naenda Istanbul mwaka wa kumi na moja sasa, na hapo Kadıköy sijawahi kukanyaga. Istanbul yangu ni hoteli, duka, duka, kargo, uwanja wa ndege. Nikizidisha sana nakwenda Osmanbey kuangalia magauni. Pale Laleli hata lugha huhitaji, kikokotoo tu: anaandika, unafuta, unaandika yako.

Hivi uliwasiliana vipi huko ambako hakuna anayekuuzia kitu kwa dazeni?

Mpangaji wa Muda

Mama Kargo, kwa kuokoteza. Kituruki kina maneno ya Kiarabu kama sisi, ukitega sikio unakuta ndugu zako wamejaa. Sabun, sabuni. Dakika ni dakika hiyo hiyo. Dükkân, duka. Hesap, hesabu, na ndiyo unayoomba ukimaliza kula. Lazım, lazima. Haber, habari. Sarufi yao imenishinda, lakini kwa majina ya vitu nilikuwa nabahatisha na mara nyingi napata.

Mengine yanateleza. Misafir, mimi nikajua ni msafiri. Kumbe kwao ni mgeni, yule aliyekuja nyumbani kwako. Neno lile lile, sisi tunamwona mtu akiwa barabarani, wao wanamwona akishafika mlangoni.

Ila kilichonifungulia mtaa ni maneno mawili: kolay gelsin. Unamwambia yeyote uliyemkuta kazini: mfagiaji, muuza samaki, fundi aliye juu ya ngazi. Ukifasiri moja kwa moja ni kama "na ije kwa wepesi", lakini wewe na mimi tunajua ni nini. Ni pole na kazi! Nilifanya kazi na Wazungu miaka minne nikashindwa kuwaeleza pole na kazi, kila mara wanauliza pole ya nini, kwani umenikosea? Mturuki hahitaji maelezo. Fundi bomba wa jengo letu nilipomwambia kolay gelsin mara ya kwanza, aliweka spana chini ndipo akajibu.

Na mgonjwa ana pole yake, geçmiş olsun. Niliambiwa hiyo na mtaa mzima nilipopata mafua wiki ya kwanza. Upepo wa Bosporus, ule mlango wa bahari unaokata mji katikati, si wa mchezo.

Kobe Mjanja

Samahani mkuu, mimi nitakuwa mchawi wa uzi. Mwezi mmoja ni mkazi? Wewe ulikuwa mtalii mwenye jiko. Tofauti yako na wa hoteli ni kwamba ulijikaangia mayai mwenyewe. Watu wanakaa miaka kumi ugenini bado wanaitwa wageni, wewe siku 30 unatuletea "jengo letu".

Pilipili Manga

Kobe ana hoja, ila ana haraka.

Mimi nilisoma Ankara miaka mitano kwa ufadhili wao. Nyongeza kwa anayetaka kwenda. Moja, ukipanga Istanbul uliza jengo lilijengwa lini. Tetemeko la tarehe 17 Agosti 1999 liliua zaidi ya watu 17,000 kwa hesabu ya serikali, na baada ya hapo kanuni za ujenzi zikakazwa. Mturuki anayetafuta nyumba huuliza swali hilo kabla hajauliza kodi, usione aibu kuliuliza. Mbili, simu uliyotoka nayo kwenu ikiwekwa laini ya kule inafanya kazi siku 120 kisha inafungwa mpaka uilipie usajili, na ada yake inauma. Kwa mwezi mmoja halikuhusu.

Tatu, mzee kama huyo wa paka usimwite abi, abi ni kaka. Mwite amca. Ni ami yetu hiyo hiyo. Mama mtu mzima ni teyze. Ukimwita mtu kwa jina tupu anakuona hukulelewa.

Mpangaji wa Muda

Pilipili, asante, hilo la amca nililigundua siku ya sita baada ya kumwita mzee wa watu "kaka" kwa siku tano. Hakusema kitu, alikuwa anatabasamu tu.

Kuhusu 1999, jengo langu lilikuwa jipya, lakini mkabala walikuwa wanabomoa la zamani ili wajenge upya. Kadıköy imejaa hiyo kazi. Kuanzia saa mbili asubuhi ni nyundo na vumbi. Kwenye picha za tangazo vumbi halikuwepo.

Kobe, umenipiga pazuri na sikatai. Nikuongezee hata risasi. Oktoba ile mfumuko wa bei wa mwaka, kwa takwimu zao rasmi, ulikuwa asilimia 48 na ushee. Mimi nilikuwa na dola mfukoni, lira ilikuwa kama 34 kwa dola, bei ya jibini ikipanda wiki hii nacheka tu. Yule amca wa paka yeye alikuwa hacheki. Serikali ilikuwa imeweka ukomo wa kupandisha kodi za nyumba, asilimia 25 kwa mwaka, tangu Juni 2022, na ukomo huo uliisha Julai 2024. Mwenye nyumba wake alikuwa anasubiri hiyo tarehe kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Na nyumba kama niliyokaa mimi, za wageni wa mwezi mmoja mmoja, ni moja ya sababu watu wa mtaa wanalalamika nyumba zimeadimika. Kwa hiyo nilikaa pale nikifaidi mtaa, maumivu yake wakibaki nayo wenyewe. Hilo nalijua.

Lakini acha nikueleze wiki ya pili, halafu useme tena kama ni utalii.

Wiki ya kwanza kila kitu kinakuvuta. Wiki ya pili mji unakuzoea kabla wewe hujauzoea. Hakuna anayekushangaa, na hakuna anayekujua. Jumamosi moja nilikaa tangu asubuhi mpaka usiku sijatamka neno hata moja. Nilijigundua jioni nilipotaka kumfukuza paka kibarazani na sauti ikatoka imekwaruza. Mtalii ana mpango wa kesho, ana foleni ya kupanga, mwongozaji wa kumsumbua. Mimi nilikuwa na sufuria ya wali na mvua. Nilifungua kompyuta nikaanza kuangalia gharama za kubadilisha tiketi.

Kilichonitoa ni feri. Nilianza kupanda ya Kadıköy kwenda Eminönü au Karaköy kila jioni nikifunga kazi, sina ninakokwenda. Dakika ishirini na kitu kwenda, nashuka, napanda tena. Mhudumu wa chai anapita na sinia, glasi ndogo zenye kiuno, kila moja na kisahani chake na vibonge viwili vya sukari, chombo kinayumba yeye hayumbi. Siku ya nne ya mchezo huo hakuniuliza. Aliweka glasi mbele yangu akapita. Nikagundua ameshaniweka kwenye hesabu.

Nyota ya Jaha

Tunaomba ukweli wote hapa. Rangi je? Mwanamke mweusi peke yake anaweza kukaa mwezi huko? Na gharama weka wazi kaka, "lira 34 kwa dola" haitusaidii.

Mpangaji wa Muda

Dada Nyota, nitajibu la mwanaume, la mwanamke Mama Kargo na Pilipili wanisaidie.

Kukodolewa macho kupo, hasa ukitoka maeneo ya katikati. Watoto wanataka kugusa nywele. Bibi mmoja sokoni alikuwa ananiita "Arap". Nikageuka kutafuta Mwarabu yuko wapi, kumbe ni mimi. Wazee wao wengi mtu mweusi humwita hivyo. Sikuona chuki kwa yule bibi, aliniongezea komamanga. Lakini askari walinisimamisha mara mbili kutaka hati, wote waliokuwa mbele na nyuma yangu wakapita. Pasi ya kusafiria tembea nayo, usiiache nyumbani. Mara ya pili nilirudi nyumbani nimenuna na sikutoka tena siku hiyo.

Gharama: ukitoa kodi na tiketi ya ndege, nilitumia kama dola 430, na ni kwa sababu nilipika. Mboga nilinunua Salı Pazarı, soko la Jumanne, Hasanpaşa. Nenda jioni wanapokaribia kufunga, bei inashuka na sauti zinapanda. Maji ya bomba wenyeji wengi hawanywi. Unaagiza dumu la lita 19, analeta kijana amelibeba begani mpaka ghorofa ya tatu, unampa tupu unachukua jipya. Dumu la kwanza unaweka amana, usisahau kuidai ukiondoka kama nilivyosahau mimi.

Mama Kargo

Nyota, mimi nasafiri peke yangu miaka yote. Usiku sitembei ovyo, kama ambavyo sitembei ovyo popote. Wanaume wa madukani wana maneno mengi, ukikaza uso yanaisha. Lakini mimi sijawahi kulala nje ya hoteli, kwa hiyo habari za kupanga mtaani sizijui.

Pilipili Manga

Dada yangu alikuja kunitembelea akakaa wiki sita. Wakina teyze wa jengo walimchukua kama binti yao, mpaka ikawa kero, kila akitoka anaulizwa anakwenda wapi na mbona hajavaa soksi. Sakafu baridi na tumbo la mwanamke, hiyo ni imani yao kubwa, utaambiwa utake usitake.

Kobe Mjanja

Haya, chai ya feri nimekubali. Lakini mhudumu kukujua si ujirani, ni biashara. Anajua utanunua.

Mpangaji wa Muda

Kobe, nilikuwa nangojea uniambie hivyo.

Chini ya jengo letu (ndiyo, letu) kuna bakkal, kiduka cha mtaa. Mama wa ghorofa ya nne hashuki. Anafungua dirisha, anashusha kikapu kwa kamba, kinakuja kikizungukazunguka, ndani kuna noti imebanwa kwa kibanio cha nguo pamoja na kikaratasi. Mwenye duka anasoma, anaweka mkate na jibini, anavuta kamba mara mbili, kikapu kinapanda. Nilikuwa nasimama dirishani kwangu ghorofa ya tatu, mkate unapita mbele ya pua yangu kwenda juu.

Siku ya 17 nimeingia kwa jamaa huyo, nimechukua mayai kumi, maziwa, mkate. Mashine ya kadi ikagoma. Akaipiga kofi, ikagoma tena. Mfukoni nilikuwa na dola 50 tu. Nikaanza kurudisha mayai kwenye rafu. Jamaa akaniangalia kama nimemtukania mama yake.

"Sonra verirsin," akasema. Utalipa baadaye.

Akatoa daftari chini ya kaunta, lile la kurasa zilizokunjana pembeni, sote tunalijua. Akaniuliza jina, nikamtajia, akaandika kitu kirefu kuliko jina langu. Kesho yake nilipokwenda kulipa nilimwomba amca aliyekuwa amekaa pale anisomee. Ilikuwa imeandikwa: Mwafrika, ghorofa ya tatu, anayesema kolay gelsin.

Juu ya mstari wangu alikuwapo mama wa kikapu. Chini yangu fundi bomba, deni lake refu kuliko letu wote.

Biashara gani hiyo Kobe, kumkopesha mtu ambaye tiketi yake ni ya kuondoka tarehe 15?

Kobe Mjanja

😂 Sina neno. Endelea.

Mpangaji wa Muda

Moja zaidi. Tarehe 10 Novemba, Jumapili, niko gatini Kadıköy nakula simit, ile mikate ya duara yenye ufuta. Nilijua Atatürk, mwanzilishi wa Jamhuri ya Uturuki, alifariki tarehe hiyo mwaka 1938, saa tatu na dakika tano asubuhi. Nilisoma. Sikujua maana yake.

Saa tatu na dakika tano ving'ora vikalia mji mzima. Feri zikapiga honi zikiwa katikati ya maji. Dereva wa basi akafungua mlango akashuka, akasimama wima kando ya gurudumu. Muuza simit akavua kofia. Vijana waliokuwa wanagombania pikipiki ya umeme wakaganda nayo, kila mmoja ameshika upande. Mbwa mmoja tu alikuwa anazunguka kati ya watu akishangaa. Mimi mkate ulikuwa mdomoni, nikaona kutafuna ni utovu wa adabu, kumeza haumezeki. Nikasimama nao hivyo hivyo, shavu limevimba, mpaka ving'ora vikanyamaza. Yule dereva alipokuwa anapanda basi lake aliniona, akaweka mkono kifuani.

Nyota ya Jaha

Hiyo ya shavu nimeiona kama video. Ulirudi lini, na ungebadilisha nini?

Mpangaji wa Muda

Nilirudi tarehe 15. Ningebadilisha kitu kimoja: ningejifunza namba za Kituruki kabla, mpaka mia. Maneno utaokoteza, ila namba zinasemwa kwa kasi na ndizo zinazokula hela yako.

Mama Kargo, safari ijayo vuka maji. Kutoka Laleli panda tramu mpaka Eminönü, hapo hapo kuna feri ya Kadıköy. Treni ya Marmaray nayo ipo, inapita chini ya bahari tangu 2013, unaipanda Sirkeci na kituo cha pili unashuka Ayrılık Çeşmesi. Jina hilo maana yake chemchemi ya kuagana. Zamani misafara ya kwenda Makka ndipo ilipoagwa. Treni ni ya haraka, lakini haina chai.

Ukifika nina ombi. Siku ya kuondoka nilichukua maji na biskuti pale kwa bakkal, nina noti ya lira 200 na yeye hana chenji. Nikamwambia abaki nayo yote. Akakataa, akarudisha noti mfukoni mwangu mwenyewe. "Gelince verirsin." Utalipa ukija. Daftari likatoka. Kwa hiyo bado nadaiwa lira kama thelathini. Naomba unilipie, nikurushie kwenye simu.

Mama Kargo

Naondoka Alhamisi, ila mzigo wangu wote uko Merter safari hii, na siku ni nne tu. Nikibahatika kupanda hiyo feri nitakwenda kumsalimia na kununua maji kwa hela yangu.

Deni lako silipi. Kalipe mwenyewe.